Dhana potofu na ukweli kuhusu oda za uongo: kwa wachora hina na wapambaji wa Lamu

Msimu wa harusi ukikaribia, simu za wachora hina, wasusi na wapambaji wa Lamu hazitulii. Kati ya meseji zinazoingia, ziko ambazo hazikutoka kwa mteja. Aliyeziandika hana bibi harusi wa kupamba, wala hajawahi kukanyaga mitaa yetu ya Mkomani au Langoni. Tunaonyana sana juu ya watu hawa, lakini mengi tunayoambiana hayako sawa, na onyo lisilo sawa lina hatari yake: mtu hujiona keshajikinga, kumbe hajajikinga. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na jinsi mambo yalivyo.

Dhana: Tapeli hujulikana kwa lugha yake mbovu

Hapo zamani palikuwa na ukweli kidogo. Siku hizi ziko programu zinazoandika Kiswahili na Kiingereza kilichonyooka kwa sekunde chache. Kwa upande mwingine, mteja halali kutoka Italia aliyefikia Shela huandika Kiingereza cha kukwama, na shangazi wa bibi harusi kule Faza huandika bila nukta wala koma. Ukiwachuja watu kwa sarufi, utamfukuza mteja na kumkaribisha mwizi.

Kinachomuumbua tapeli ni kutoijua kazi. Soma meseji hii, niliyoitunga kwa mtindo wa zile zinazozunguka:

"Habari. Nimependa kazi yako. Nahitaji huduma zako kwa wasichana wanane tarehe 18. Dereva wangu atawaleta mpaka mlangoni pako saa tatu asubuhi na atawafuata saa kumi. Nipe jumla, nitalipa zote leo. Siwezi kupokea simu, nina tatizo la masikio."

Hakuna kosa la lugha hata moja. Sasa isome kama mtu wa kazi. "Huduma zako" ni zipi? Hakutaja hina wala piko (rangi nyeusi ya kuchorea), mikono peke yake au mpaka miguuni, maua ya kujaza au ya kutawanya. Hakuuliza kama mchoraji mmoja anaweza kumaliza mikono na miguu ya watu wanane kwa siku moja, na hina ikapata muda wa kukaa ikolee. Msimamizi wa harusi kwetu, awe mama, shangazi au somo (mwanamke anayemfunda bibi harusi), hanyamazii mambo hayo. Atakuuliza utakuja na nani, hina umeichekecha mwenyewe ama ni ya duka, na mbona bei yenyewe iko juu hivyo. Kuvutana bei ni dalili njema. Anayekubali bei ambayo hata hujaitaja, bei haimsumbui, kwa sababu hana nia ya kuilipa.

Halafu yule dereva. Gari gani litafika mlangoni kwako Mkomani, kwenye vichochoro ambamo punda mwenye mzigo akipita wewe unajibanza ukutani? Atokaye bara huacha gari Mokowe akavuka kwa boti, na ajaye kwa ndege hutua Manda akavuka vilevile. Meseji hiyohiyo imetumwa kwa wapambaji wa miji mingine, na aliyeituma hakubadilisha kitu ila namba ya simu. Mwenye harusi ya kweli Lamu atakuuliza habari za boti.

La masikio nalo lisitufanye tuwadhulumu watu. Wasiosikia wapo, wanaoa na kuolewa, na ni wateja kama wengine. Lakini wao huandika kwa kirefu, hutuma picha za michoro wanayoitaka, au humleta ndugu aongee nawe. Tapeli akishasema hapokei simu, hakupi njia nyingine yoyote ya kuonana wala kusikizana naye.

Dhana: Pesa ikishaingia, imeingia

Hii ndiyo iliyowaliza wengi, na kazi yetu yenyewe hutuponza. Usiku wa kuamkia Idi sebule imejaa, mikono yako yote miwili ina hina, na simu ameishika mtoto wa dada yako. Inalia, anasoma: "Mama mdogo, elfu nane zimeingia." Wewe unaitikia bila kuinua macho. Dakika mbili baadaye mtu anapiga kwa haraka na sauti ya kulia: alitaka kutuma elfu tatu, amekosea, tafadhali mrudishie elfu tano, ni pesa ya dawa. Unafuta kidole kimoja na kitambaa, unabonyeza, unatuma. Elfu nane hazikuwahi kuingia.

Meseji si pesa. Meseji halisi ya M-Pesa huingia kwenye mfululizo uleule wa zamani wenye jina MPESA, huanza na msimbo wa herufi na tarakimu, jumla kumi, na huonyesha salio lako jipya. Ya kughushi mara nyingi hutoka kwa namba ya kawaida, na salio lililoandikwa haliendani na lako. Usiishie hapo lakini, kwani hata jina la mtumaji laweza kuigizwa. Shahidi ni salio ulilolifungua mwenyewe, kwa *334# au kwa programu ya M-Pesa. Wasaidizi wangu wanajua sharti langu: hakuna pesa inayorudishwa kabla sijaosha mikono.

Na hata ikiwa pesa imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe. Aliyekosea huipeleka meseji yake ya muamala kwa 456, na Safaricom hulishughulikia. Ukimrudishia wewe, naye kisiri akaomba muamala ubatilishwe, umejitia kwenye hatari ya kutoa mara mbili.

Hundi na kadi zina mtego wa namna hiyo, ila hujifunga polepole. Benki yaweza kuonyesha kiasi cha hundi kwenye akaunti kabla hundi yenyewe haijathibitishwa, na hundi ya nje ya nchi huweza kuchukua wiki kadhaa. Ikionekana ni ya kughushi, kiasi hicho huondolewa, na ulichokwisha kukitumia kinakuwa deni lako. Malipo ya kadi iliyoibwa nayo huonekana safi siku ile. Mwenye kadi akigundua huyakana, na kwa kawaida kadi kubwa za kimataifa humpa hadi siku 120 za kufanya hivyo. Harusi imekwisha, hina imefifia, na pesa inarudi kwa mwenyewe.

Picha ya risiti ya benki iliyotumwa kwa WhatsApp haina thamani yoyote. Yeyote mwenye simu anaweza kuitengeneza.

Dhana: Anayelipa zaidi ya bei hawezi kuwa mwizi

Umetaja 40,000. Anakuambia ametuma 68,000, na zile 28,000 umtumie mpiga picha kwa namba atakayokupa, kwa kuwa "mpiga picha hapokei kadi". Siku nyingine ni dereva, siku nyingine ni mpishi wa keki. Anakusifu, anakuita dada, anasema amekuamini wewe peke yako.

Tazama pesa inaelekea wapi. Zile 68,000 ni maandishi yatakayofutika: hundi ya bandia, kadi ya mtu mwingine, au meseji tupu. Zile 28,000 unazotuma ni zako, za kweli, na zikishatoka zimetoka. Huyo "mpiga picha" ni yeye mwenyewe au mwenzake, na namba yake huzimwa siku hiyohiyo. Hakuna mwenye harusi aliye na sababu ya kumfanya mchora hina awe mhasibu wake. Nimewaza sana kama kuna hali hata moja ambapo ombi hilo lingekuwa halali, na sikuiona.

Jibu lake ni fupi: "Mpiga picha umlipe mwenyewe, mimi napokea bei yangu tu." Mteja wa kweli atasema sawa. Tapeli atakuandama, atakasirika, ataleta habari ya mgonjwa hospitalini.

Sura nyingine ya hilohilo ni ya "hoteli" au "kamati ya tamasha" inayokusanya wapambaji na kutaka kila mmoja alipe 1,500 za fomu. Kazi haijaanza, na wewe ndiye unayetoa. Mwenye kazi ndiye anayelipa.

Dhana: Mimi mdogo, nina nini cha kuibiwa?

Wana haja na laini yako. Salio likiwa sufuri, Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa iliyoanzishwa mwaka 2019, itakukopesha kama umejiunga nayo, bila kuuliza kwa nini unatuma, na deni litabaki kwako. Kuna na wizi wa akaunti: mteja anasema, "Nimekutumia namba sita za kuthibitisha oda, nisomee." Hizo ni namba za kuifungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukimsomea, wateja wako wote wataombwa mikopo kwa jina lako, na watatoa, maana wanakuamini. Namba hizo hasomewi mtu, hata akiwa mwenzako wa kazi, kwa sababu huenda akaunti yake imeshachukuliwa na anayeandika si yeye. Kwa sababu hiyohiyo, oda iliyoletwa na rafiki haifai kupokelewa bila kumpigia rafiki huyo na kuisikia sauti yake. Weka na uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Ni kazi ya dakika moja.

Dhana: Kumhoji mteja na kumdai arbuni ni kukosa adabu

Sisi tumelelewa kumkaribisha mtu kwanza na kumuuliza shida yake baadaye, na desturi hiyo naipenda. Lakini biashara ya harusi ya Kiswahili haijawahi kukosa maswali. Mjumbe wa posa huulizwa katoka kwa nani, mahari huzungumzwa, tarehe huafikianwa. Kwa nini mpambaji anyamaze?

Uliza harusi ni ya nani na ukumbi ni upi. Uliza somo wa bibi harusi ni nani, kwani Lamu hakuna somo asiyejulikana na mtu. Omba kuongea na bibi harusi au mama yake. Tazama kalenda: familia zetu hazifungi harusi Ramadhani, na mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa juu, hoteli kadhaa za Shela hufungwa. Anayekuambia sherehe kubwa iko hotelini wakati huo, ipigie hoteli yenyewe kwa namba unayoijua wewe. Usitumie aliyokupa yeye.

Kisha taja arbuni. Mimi naona nusu inafaa, na iliyobaki ilipwe siku ya kazi kabla ya kuanza. Arbuni inakulinda na mteja anayebadilisha nia, na inakuonyesha tabia ya mtu. Mteja wa kweli huuliza kama inarudishwa harusi ikiahirishwa. Tapeli hukataa nusu, hung'ang'ania kulipa yote na ziada juu.

Kuna oda nyingine ambayo lengo lake si pesa, na hii naitaja nikiwa na wasiwasi wa kweli kwa wasichana wanaoanza kazi. Mwanamume anaweka oda ya "mke wake", usiku, nyumba ya kukodi mbali na mji, na mke haongei kamwe. Usiende kabla hujaisikia sauti ya huyo mwanamke. Ukienda, nenda na mwenzako, mwambie mtu wa nyumbani jina la nyumba, na upatane na mwenye boti saa ya kukufuata. Mwenye nia njema hatachukizwa na mambo haya. Akichukizwa, rudi nyumbani, hata kama ulikuwa umeshafika jetini.

Dhana: Oda za ng'ambo zote ni za kuogopa

Hapana, na woga huu unatunyima riziki. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na wageni huja kufunga harusi au kupakwa hina kama kumbukumbu. Wengi huandika miezi kabla. Mgeni wa kweli huuliza atavukaje kutoka Manda hadi Shela, hina inachukua muda gani kukauka, inadumu siku ngapi, na kama ina kemikali inayoweza kumchoma ngozi. Mwenye maswali kama hayo mjibu kwa uzuri, na kwa haraka.

Dhana: Ukishalizwa, kuripoti ni kupoteza wakati

Aibu ndiyo inayosema hivyo. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ni ya mwaka 2018, na ulaghai wa namna hii umo ndani yake. Usifute meseji hata kama zinakuudhi. Kama umetuma pesa sasa hivi, ipeleke meseji ya muamala kwa 456 papo hapo, kwani kila dakika ina maana kabla pesa haijatolewa upande wa pili. Namba ya tapeli itume kwa 333, ni bure. Nenda polisi na uhakikishe umepewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, maana benki au mtandao wa simu huenda wakaihitaji. Na ujue kuna wanaopiga baadaye wakijidai ni wahudumu wa Safaricom wanaotaka kukusaidia kuirudisha pesa. Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 pekee, na hawaulizi PIN.

Kisha watumie wapambaji wenzako ile meseji nzima, neno kwa neno, pamoja na namba iliyoituma. Ikiwa imekuja kwako leo, kesho itakuwa kijijini Matondoni.