apt remove haifuti kila kitu, na autoremove haijui unachokitumia

Wengi wanaotumia Debian au Ubuntu (mifumo ya Linux ambayo apt huweka na kuondoa programu) huamini kwamba wakiandika, kwa mfano, sudo apt remove vsftpd (vsftpd ni seva ya FTP), programu imeondoka na kila kilicho chake. Sivyo. Mipangilio iliyo ndani ya /etc hubaki. Andika dpkg -l | grep '^rc' ujionee: rc mwanzoni mwa mstari maana yake kifurushi (programu kama apt inavyoiweka) kimeondolewa, mipangilio bado ipo. Ifute kwa sudo apt purge vsftpd, hata kama kifurushi ulishakiondoa. Faili zako za ~/.config haziguswi na amri yoyote kati ya hizo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sudo apt autoremove, amri ya kusafisha vifurushi visivyohitajika tena. Haiangalii unatumia nini. Inaangalia alama tu: kifurushi ulikiomba mwenyewe, au kiliingia kwa sababu kingine kilikihitaji (kitegemezi). Kifurushi kilichoingia kama kitegemezi, na sasa hakuna kinachokihitaji, kinafutwa. Tuseme ffmpeg (zana ya kubadilisha video na sauti) iliingia pamoja na Kdenlive, programu ya kuhariri video, nawe ukaizoea kwenye teminali: ukiiondoa Kdenlive, ffmpeg inaweza kufuata. Kwa hiyo anza na apt -s autoremove, inayoonyesha orodha bila kufuta chochote, na usome kila jina, hata orodha ikiwa ndefu. Unachokitaka kikinge: sudo apt-mark manual ffmpeg. Na tafadhali, usiongeze -y hapa, kwani hujibu ndiyo bila kukuuliza.