Hakuna Ufunguo wa Serikali Peke Yake

Kuanzia vijiwe vya Nyerere Square hadi ofisi za Serikali huko Mtumba, Dodoma, hoja ni ileile: kampuni za ujumbe kama WhatsApp ziipe Serikali ufunguo mmoja wa dharura wa kusoma ujumbe wetu, utumike kwa amri ya mahakama tu, mtu mwema ana hofu gani? Ndugu zangu, ufunguo huo haupo. Hesabu ya usimbaji fiche, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo, haimjui mshika ufunguo, inajua tarakimu tu. Mwenye nazo anafungua, awe hakimu, karani aliyehongwa au mwizi aliye ng'ambo.

WhatsApp hutengeneza funguo ndani ya simu zenu mbili, na kila ujumbe una wake. Seva, yaani kompyuta ya kampuni, hupitisha furushi lisilosomeka. Ili mwingine asome, ama nakala za funguo ziwekwe mahali, ama mtu wa tatu aingizwe kimyakimya kwenye mazungumzo, ama ujumbe usomwe simuni kabla haujasimbwa. Hapo ndipo ninapokosa subira: watu wanalinganisha na kupekua nyumba moja kwa hati. Mabadiliko hayo yanaingia kwenye programu ya kila mtu. Ni sawa na kuwaagiza mafundi wote wa Dodoma wajenge nyumba zenye dirisha moja lisilo na komeo.

Na limeshajaribiwa. Mwaka 1993 Marekani ilitangaza chipu ya kusimba simu iitwayo Clipper, yenye mlango wa Serikali. Mwaka uliofuata mtafiti Matt Blaze alionyesha kwamba namba ya uhakiki ya mlango huo ilikuwa fupi mno, biti 16 tu: kompyuta ya mtumiaji ikibahatisha vya kutosha inapata namba inayokubalika, na Serikali inabaki nje. Ugiriki, 2004 hadi 2005, uwezo wa kusikiliza simu uliokuwemo kwenye mitambo ya Vodafone uligeuzwa na watu wengine. Simu zaidi ya 100 zikasikilizwa, ya waziri mkuu ikiwemo. Mwaka 2024 wadukuzi waliohusishwa na China waliingia kwenye kampuni za simu za Marekani, hadi kwenye mifumo ya kusikiliza kwa amri ya mahakama. Desemba hiyo maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wenyewe wakawahimiza wananchi watumie mawasiliano yaliyosimbwa.

VPN, programu ya kupitisha intaneti yako kwa njia ya siri, ni jambo jingine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipotaka watumiaji wa VPN wajitambulishe kufikia 30 Oktoba 2023, wengi walidhani WhatsApp imevuliwa nguo. VPN huficha njia unayopita. WhatsApp hujisimba yenyewe.

Polisi nao hawako gizani. Nani kampigia nani, saa ngapi, kupitia mnara upi, kampuni ya simu inayo, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ila mpelelezi wa kesi ya mtoto aliyedhulumiwa, ambaye ushahidi wake umo ndani ya ujumbe, sina jibu la kumridhisha. Linaniuma.

Panapovuja zaidi ni nakala rudufu za machati yako. Iliyoko Google Drive au iCloud haina ulinzi wa usimbaji mpaka uuwashe kwenye mipangilio ya machati ya WhatsApp, kwa nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukiupoteza, hakuna wa kukurudishia.

Kisha gusa jina la mwenzako, fungua sehemu ya usimbaji, mlinganishe tarakimu 60 mkiwa ana kwa ana, mhakikishe hakuna mtu wa tatu kati yenu. Akibadilisha simu zitabadilika. Mpigie, usikie sauti yake, ndipo mwendelee kuchati.