Baridi haiui vijidudu, inavitunza

Nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa mhandisi: huku mlimani kuna baridi, vijidudu vitakufa vyenyewe, kwa hiyo tupunguze bwawa moja la kusafisha majitaka tuokoe fedha. Asiyesomea kazi hii akisema hivyo nitamwelewa. Lakini mhandisi ana friji nyumbani na hajawahi kujiuliza nyama inafanya nini mle ndani.

Vijidudu vya tumboni vikiingia kwenye maji baridi haviongezeki, ni kweli, lakini pia havina haraka ya kufa. Virusi ndiyo kabisa. Asiyetaka kuniamini achukue kanuni ya mwaka 1974 ya mtafiti aitwaye Marais, ile tunayoitumia wote kukokotoa kufa kwa bakteria wa kinyesi bwawani. Kwenye nyuzi 20, kasi ya kufa ni 2.6 kwa siku. Kwenye nyuzi 10 inashuka hadi kama 0.46. Kwa bwawa moja linalochanganyika vizuri na kushika maji siku 5, kwenye nyuzi 20 wanatoka hai 7 kati ya 100. Kwenye nyuzi 10 wanatoka 30. Halafu unataka kuondoa bwawa! Chini ya nyuzi 5 hata mimi siiamini kanuni hiyo; naongeza ukubwa kwa kukisia, na sioni aibu kusema hivyo. Jua kali la mlimani husaidia kuua, mpaka siku barafu inapofunika maji.

Wanaolemewa na baridi ni wafanyakazi wetu wenyewe, yaani bakteria wanaosafisha majitaka. Wale wanaokula uchafu unaooza (unaopimwa kama BOD) wanavumilia. Wale wa kugeuza amonia kuwa nitrati ndio wanaodeka: ukishuka chini ya nyuzi 10 wanakua polepole mno, na usipoacha tope wanamoishi lizeeke tangini, unawatoa na tope la ziada kabla hawajazaana. Hapo amonia inapanda, na mwendeshaji anakimbilia kuongeza hewa. Hewa ya nini? Maji baridi yanashika oksijeni ya kutosha, hata ukitoa ile robo hivi inayopotea ukiwa mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kama vipulizia vyake ni vile vya kurusha maji juu, anazidi kulipoza tangi. Punguza kutoa tope, funika tangi, subiri.

Kuna jingine ambalo karibu kila mtu analisahau. Maji yanayotoka kwenye miamba ya graniti ni laini, na kila miligramu ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula kama miligramu 7 za alikalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Kwa majitaka yenye miligramu 40 za nitrojeni hiyo kwa lita, hiyo ni zaidi ya 280. Utaitoa wapi? pH inaanguka, bakteria wanagoma, lawama inapewa baridi. Pima alikalini kwanza, chokaa baadaye.

Theluji ikiyeyuka na kuingia kwenye chemba za majitaka zilizopasuka, hesabu zote hizi zinavurugika. Ziba chemba.

Na anayesema klorini mwishoni itamaliza kila kitu, baridi inamfuata hadi huko: joto likipungua kwa nyuzi 10, muda wa klorini kugusana na maji unahitaji takriban kuongezwa mara mbili. Tangi la klorini lililopimwa kwa joto la kiangazi halitoshi, na kumwaga dozi kubwa kufidia kunaua samaki wa mto unaopokea maji hayo.