Njaa haina ngoma

Februari ikikaribia, simu yangu haitulii. Mwalimu mkuu anataka mhadhara wa vita vya Majimaji, "saa moja tu, mwalimu, watoto wana mitihani." Kikundi cha ngoma kinauliza nauli. Diwani anauliza ataongea kabla ya ngoma au baada yake, na nikimwambia baada, ananuna, maana anajua ngoma ikishalia hakuna atakayemsikiliza. Tarehe 27 ndiyo siku yetu ya kuwakumbuka mashujaa wa vita hivyo hapa Songea, na wiki nzima kabla yake mji hunukia vumbi la lizombe, ngoma ya Wangoni. Hata timu yetu ya mpira, Majimaji, huitwa Wanalizombe, kwa hiyo usidhani natia chumvi.

Kazi yangu ni historia simulizi. Nakusanya habari kwa wazee, kisha nazirudisha kwa wajukuu zao, shuleni, kwenye ofisi za kata, chini ya miembe. Utaratibu tuliouzoea ni huu: mimi nazungumza kidogo, kikundi kinacheza na kuigiza, halafu wazee wanatusahihisha. Watu hudhani ngoma ni ya kuwachangamsha watoto wasisinzie. Sivyo. Ngoma ndiyo inayowaleta wazee, na wazee ndio wenye kesi. Mzee aliyekaa kimya wakati wa maelezo yangu yote atainuka akiona nduna, yaani jemadari wa Wangoni, kaigizwa vibaya.

Kwa wasioifahamu habari yenyewe: Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa pamba ya Wajerumani, na vita vikaenea kusini yote. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya kinga dhidi ya risasi, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti, lakini maji yake yalikuwa yameshasafiri. Ungoni yaliletwa na Kinjala, na Nkosi, yaani mfalme wa Wangoni, Chabruma wa Mshope akayapokea. Tarehe 27 Februari 1906 watu 67 walinyongwa hapa mjini. Nkosi Mputa Gama wa Njelu ni mmoja wa walionyongwa katika vita hivyo, na vilevile Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Makumbusho ya Majimaji ipo hapo hapo penye kaburi la halaiki, na kaburi la Songea liko peke yake. Kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipofika hapa tarehe 1 Novemba 2023 aliomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Hayo watoto wanayajua, au wanajua toleo lake la jukwaani. Mwenzangu mmoja hupenda kusema kwamba nusu ya Watanzania walijifunza Majimaji kwa Ebrahim Hussein, si kwa mwalimu wa historia. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, na yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si yule mtu wa Ngarambe. Tahadhari hiyo hakuna anayeisoma. Nimeshasahihishwa na mwanafunzi wa kidato cha pili kwa sababu nilitamka "Kinjikitile."

Shida kubwa ya jukwaa ni maji yenyewe. Kijana anatoka na kibuyu, anawanyunyizia wapiganaji, risasi zinapigwa kwa mdomo, pa pa pa, wote wanaanguka, na watoto wanacheka mpaka machozi. Nilihangaika nacho kicheko hicho miaka mingi. Nikaeleza kwamba dawa ile ilikuwa na mtama ndani yake, kwamba iliwaunganisha watu waliokuwa hawaongei lugha moja wala kuelewana. Bado walicheka. Siku hizi nawaacha wacheke, kisha nauliza, "Nani hapa amevaa hirizi, rozari, au kitu alichopewa na bibi yake?" Pale ndipo ukimya unapoingia.

Niseme pia kwamba hadithi hii haipokewi sawa kila mahali. Kule Mbinga nilikwenda na lizombe kwa furaha zangu zote, na Wamatengo wakatutazama kama wageni waliokuja harusini bila kualikwa. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, na sisi tuliopanda mlimani kuwakimbia hao mashujaa wako, tutachezewa lini?" Alikuwa na haki. Kabla ya kuja Mjerumani, mvamizi wa nchi hii alikuwa Mngoni. Mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo wanalimia hadi leo, yale yanayozuia udongo usiporomoke, ni ufundi wa watu waliobanwa kwenye miteremko. Tangu siku ile, Mbinga naanza na ngoro.

Ila lililobadilisha kabisa kazi yangu lilitokea upande wa Namtumbo, miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa tumemaliza kama tunavyomaliza siku zote: kamba ya kunyongea, wimbo, ngoma ya kuwaaga mashujaa, makofi. Bibi mmoja, amejifunga khanga mbili na ameshika fimbo, akasimama. Hakupaza sauti.

"Mjukuu wangu, mmecheza vizuri. Lakini bibi yangu hakunyongwa. Bibi yangu alichimba mizizi."

Akaeleza: mizizi michungu ya porini, unaimenya, unaikata vipande vyembamba, unailoweka mtoni siku tatu mpaka povu liishe. Ukiwa na haraka inakulevya, unaanguka, huamki. Bibi yake, akiwa binti mdogo, aliwapoteza wadogo zake wawili kwa sababu mama yao alishindwa kuvumilia kilio chao hadi siku ya tatu. Akaketi. Mpiga ngoma wetu alikuwa ameinamisha kichwa.

Nami mtaalamu nilikuwa nayajua hayo kwa takwimu. Mwaka 1905 ofisa wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, aliandika kwamba njaa na dhiki tu ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri moja kwa moja. Basi vikosi vikachoma vijiji, vikamwaga na kuteketeza vihenge vya nafaka, vikaharibu mashamba, na watu wakazuiwa kupanda. Vita vilipokwisha mwaka 1907, Wazungu 15 walikuwa wamekufa. Waafrika, kwa hesabu za Wajerumani wenyewe, 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo kubwa ni njaa. Waliokufa vichakani hawakuhesabiwa na mtu. Mashamba yaligeuka pori, na sehemu kubwa ya kusini ikabaki ya tembo na mbung'o.

Wote hao hawana siku, hawana jukwaa. Aliyenyongwa ana jina; unaweza kumwimba, unaweza kumvalisha kijana ngozi akamwigiza. Njaa utaichezaje? Niliwauliza kikundi changu, na kiongozi wao akanijibu bila kufikiri: "Njaa haina ngoma, mwalimu. Mwenye njaa hachezi."

Tulibishana karibu mwezi mzima. Mwisho ufumbuzi ukatoka kwa mama anayetupikia tukiwa safarini. Akasema, leteni kinu. Sasa baada ya kamba ngoma zinanyamaza, wachezaji wanaondoka, anaingia mwanamke mmoja na kinu na mchi, anatwanga. Kinu ni kitupu. Sauti ya mchi ukigonga mti mtupu kila mtoto wa kijijini anaitambua kuwa si ya kawaida, nafaka hailii hivyo. Anatwanga dakika tatu, anapepeta hewa kwenye ungo, anaondoka. Mara ya kwanza mwalimu wa zamu alidhani tumesahau sehemu yetu, akaanza kuwapanga wanafunzi mistari.

Mwaka jana, baada ya onyesho moja la kinu, mzee alinisubiri pembeni ya gari mpaka watu wakaisha. Akaniambia babu yake alifika Songea akiwa askari, wa Mjerumani. Familia nzima inalijua jambo hilo na hakuna anayelitaja Februari. Nyumbani mwao, akasema, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuchoma mahindi babu akiwa karibu. Wakati wa msimu, majirani wakichoma, babu aliinuka na kuingia ndani, akafunga mlango. Walipokuwa wadogo walidhani ni meno.

"Vihenge vilikuwa vinanukia hivyo hivyo," babu alimwambia siku moja, na hakurudia tena.

Nimemwomba aje Februari aseme hayo mbele ya watu, baada ya kinu. Ameniambia atazungumza kwanza na ndugu zake. Nafasi yake kwenye ratiba nimeiacha wazi, na diwani ameshaanza kuiulizia.