Kujihoji kuhusu chama chako, kwa Mkristo maana yake nini?

Uchaguzi ukikaribia, hili jambo linasemwa sana makanisani, na wengi wakilisikia wanadhani padri au mchungaji anawaambia waachane na siasa. Hapana bwana. Kujihoji ni kukaa mbele za Mungu na kuuliza, huu ushabiki wangu wa chama umenifanya niweje? Umenifanya nimchukie nani, nifunike uovu gani, niamini uongo gani eti kwa vile tu kausema mtu wa upande wangu? Dhambi za chama cha jirani hazimo kwenye hii kazi, hizo zina wasemaji wa kutosha tayari.

Paulo aliwaambia Wakorintho kabla ya kula meza ya Bwana "mtu ajihoji mwenyewe" (1 Wakorintho 11:28), na Wakatoliki kwenye Misa huungama kwamba wamekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Sasa ajabu ni kwamba tukifika hapo tunakumbuka wivu, pombe, uzinzi, lakini yale matusi ya grupu la WhatsApp wakati wa kampeni hayakumbukwi kabisa, kama vile mwezi wa kampeni Mungu alikuwa likizo.

Mfano mzuri kuliko yote naona ni wa mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa askari wake Uria na kumfanya Uria auawe, na nabii Natani, 2 Samweli 12. Natani hakuanza kwa kumwambia mfalme umekosa, alimpa kesi, tajiri mwenye kondoo wengi kamnyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu. Daudi akawaka, akasema huyo mtu anastahili kufa na atalipa mara nne. Ndipo akaambiwa, wewe ndiwe mtu huyo. Yaani Daudi akili ya haki alikuwa nayo, tena kali, ila ilikuwa inafanya kazi pale tu asipojua kesi ni ya nani. Na sisi kwenye siasa tuko hivyohivyo.

Chukua korosho, maana huku Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, siasa na korosho haviachani. Novemba 2018 wakulima walishagomea bei za minadani, serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, halafu ukaja uhakiki wa wakulima na kuna waliosubiri hela zao muda mrefu. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu uamuzi ule, sikuulizi. Swali la kujihoji ni hili: lile ulilosema siku zile, ungelisema kama uamuzi uleule ungefanywa na chama kingine? Kama ulisema "tuvumilie, nia ni njema", wale wengine ungewapa huo uvumilivu? Na kama ulisema ni wizi mtupu, ulisema baada ya kuangalia au ulikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi?

Halafu kuna kangomba. Mtu anamfuata mkulima mwenye njaa kabla ya msimu, ananunua korosho zake zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, halafu jioni yuko kijiweni anafoka kwamba chama fulani kinamnyonya mkulima! Hapo unyenyekevu unaanzia stoo, sio jukwaani.

Jingine ambalo Wakristo wa huku hatupendi kuligusa ni la dini. Tunaishi na Waislamu, tunazikana, tunaoleana, ila kampeni zikianza unasikia kwa sauti ya chini kwamba chama kile ni cha wenzetu wale. Ukijikuta unakiogopa chama kabla hata hujasoma ilani yake, jiulize hiyo hofu imetoka wapi, maana kwenye Injili haipo.

Ila tusichanganye unyenyekevu na woga. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1960 mpaka 1968, ndiye yuleyule aliyepinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini waziwazi bila kupepesa macho. Mnyenyekevu anaweza kupinga, anaweza kuandamana, anaweza kugombea udiwani. Tofauti yake ni kwamba anakubali anaweza kuwa amekosea, na mpinzani wake anabaki kuwa mtu. Hata kati ya wale Kumi na Wawili alikuwemo Mathayo aliyewatozea watawala ushuru, na Simoni aitwaye Zelote, jina la watu wenye wivu mkali kwa taifa lao, na Yesu aliwaita wote wawili wakae meza moja.

Kwa vitendo haihitaji semina. Usiku kabla ya kulala pitia uliyoyasema na kuyaforwadi siku hiyo, chagua moja tu, badilisha jina la chama kichwani, uone kama bado unakubaliana nalo. Zaburi 139:23 inafaa kuanzia, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu". Ukikuta umemsingizia mtu, mfuate, na kama uongo uliurusha kwenye grupu basi ukaukanushe kwenye grupu hilohilo, sio kumnong'oneza inbox. Kadi yako ya chama hakuna anayekudai urudishe.