Kalibresheni ya kamera ya mbele: kwa nini picha hupotosha pale kamera ya lori inapohamishwa

Umefunga bampa jipya lenye winchi, yaani mashine ya kuvutia gari lililokwama, na kamera iliyokuwa katikati ya grili imekosa nafasi. Umeishusha sentimita 30, umeikaza barabara, umewasha gari. Picha imekuja safi kabisa. Tatizo ni kwamba mstari wa kuongozea kwenye skrini, ule unaosema bado kuna mita tatu, hausemi kweli tena, wala skrini haikupi onyo lolote. Kinachokosekana hapo ndicho kinachoitwa kalibresheni.

Kalibresheni ya kamera ni kuijulisha kompyuta ya gari kamera imekaa wapi na inatazama upande gani. Kamera yenyewe haijui umbali. Inachopeleka ni nukta za rangi tu, na kompyuta ndiyo inayozigeuza nukta hizo kuwa mita kwa kutumia namba ilizowekewa kiwandani: kimo cha kamera kutoka ardhini, umbali wake kutoka katikati ya gari, na pembe tatu, yaani imeinama kiasi gani kwenda chini, imegeuka kiasi gani kushoto au kulia, na imelala ubavu kiasi gani. Inajua pia lenzi hiyo inapinda picha vipi, kwa sababu lenzi pana hupinda hata ukuta ulionyooka. Ukiihamisha kamera bila kubadilisha namba hizo, kompyuta inaendelea kupiga hesabu kana kwamba hujagusa kitu.

Chukua mfano wa kamera iliyokuwa mita 1 kutoka ardhini, na mstari uliochorwa kwenye skrini kuonyesha mita 3 mbele yake. Ishushe hadi sentimita 70 bila kubadilisha pembe. Mwale uleule uliokuwa ukigusa ardhi mita 3 mbele sasa unaigusa mita 2.1. Unaamini una nafasi ya mita tatu, kumbe una mbili na kidogo. Na kama bampa jipya linachomoza mbele kuliko lile la zamani, nafasi halisi ni ndogo zaidi ya hapo. Pembe nayo haina huruma: kamera hiyohiyo ya mita 1, ikiinama digrii 2 tu zaidi ya ilivyokuwa, mstari wa mita 3 utakuwa unaonyesha takriban mita 2.7. Digrii mbili ni kiasi ambacho jicho halikioni, hasa pale fundi anapokaza kishikizo huku amechuchumaa chini ya grili. Kwa hiyo mimi nasisitiza pimamaji na timazi zitumike hata kwenye kazi inayoonekana ndogo kama hii.

Kwa sababu hiyohiyo, kuinua gari kwa springi ndefu au kufunga matairi makubwa kunaharibu hesabu hata kama kamera haijaguswa. Kimo kimebadilika, basi.

Kuna kamera mbili ambazo watu huzichanganya. Ile ya kwenye grili hutumika kuegesha, kupita sehemu finyu, na kuunga picha ya gari kama inavyoonekana kutoka juu. Ile iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, ndiyo inayofuatilia mistari ya barabara na mara nyingi inahusika na breki za dharura. Hii ya pili usiihamishe kabisa. Kosa la digrii 1 kwenda kushoto au kulia ni sentimita 17 hivi kwa umbali wa mita 10, lakini kwa mita 50 linafika sentimita 87, karibu nusu ya upana wa gari. Gari inaweza kuamini kwamba kilicho kwenye njia ya jirani kiko mbele yako.

Sasa, si kila hitilafu baada ya kuhamisha kamera ni ya kalibresheni, na hapa ndipo muda na fedha nyingi hupotea. Kigezo ni hiki: picha isipofika, tafuta kwenye waya, picha ikifika na kupotosha, tafuta kwenye vipimo. Skrini nyeusi, picha inayokatikakatika, michirizi, au ujumbe kwamba kamera haipatikani, hayo yote ni ya waya, plagi, fyuzi au umeme. Hakuna kalibresheni itakayoyaponya.

Mshukiwa wa kwanza ni waya ulioongezwa urefu. Kamera za zamani za analogi zilivumilia kuungwa kwa kusokota waya na kuzungushia tepu, japo picha ilififia. Kamera nyingi za kidijitali hazivumilii. Waya wake ni wa aina maalumu, wenye kiini cha katikati na wavu wa kukinga unaouzunguka, na kiungo kibaya hurudisha nyuma sehemu ya mawimbi. Katika baadhi ya magari waya huohuo mmoja ndio unaobeba picha na umeme, hivyo ukiukata umeua vyote viwili. Tumia kiendelezi cha aina ileile chenye plagi zake kamili. Kama bado una mashaka, irudishe kamera kwenye plagi yake ya asili bila kiendelezi, hata kama itaning'inia. Picha ikirudi, kosa liko kwenye kiendelezi, na umeokoa bei ya kamera mpya.

Maji ni mshukiwa wa pili. Acha waya ushuke kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda tena, ili matone yaangukie chini badala ya kuingia ndani. Ukitumia mashine ya kusoma kodi za hitilafu, yaani herufi na namba ambazo kompyuta ya gari huhifadhi kitu kinapoharibika, herufi ya kwanza inasaidia: U huashiria mawasiliano kati ya vifaa, B huashiria mifumo ya bodi. Kodi ya U baada ya kuhamisha kamera hunipeleka kwenye plagi kabla ya kitu kingine chochote.

Waya ukiwa mzima, rudi kwenye vipimo. Kalibresheni hufanywa kwa njia mbili, kutegemea gari. Ya kwanza hufanyika gari ikiwa imesimama kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yana upepo sahihi, usukani umenyooka, na mbele yake yamewekwa mabango au mikeka yenye alama kwa umbali uliopimwa. Ya pili hufanyika gari ikitembea kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri, kwa mwendo uliotajwa na mtengenezaji, mpaka kompyuta iridhike.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa bampa hawalisemi vya kutosha: kompyuta nyingi hukubali kusahihisha kosa dogo tu kuzunguka mahali pa asili. Ukihamisha kamera sentimita 30, zoezi linaweza kukataa kukamilika, na hapo fundi hana kosa. Suluhisho bora ni kishikizo kinachoirudisha kamera kwenye kimo na pembe yake ya kwanza, au karibu kabisa. Isipowezekana, zima mistari ya kuongozea kama gari inaruhusu, ubaki na picha peke yake, kwa sababu mstari wa uongo ni hatari kuliko kukosa mstari.

Kujua umefikia wapi, chora ardhini mistari ya mita 1, 2 na 3 kutoka kwenye bampa, kisha ilinganishe na ile ya kwenye skrini. Kwa picha ya kutoka juu, simamisha gari kando ya mstari mrefu ulionyooka uangalie pale picha za kamera zinapoungana: mstari ukikatika au ukitokea mara mbili, vipimo haviko sawa. Mwisho weka boksi lenye kimo cha mtoto mdogo karibu kabisa na bampa, kushoto, katikati na kulia. Likipotea kwenye skrini hata mara moja, bampa au winchi inaziba lenzi, au kamera imekaa vibaya. Hamisha kamera tena kabla ya kugusa programu yoyote.