Jumba la Élysée halikujengwa kwa ajili ya Pompadour

Husimuliwa, hata Ufaransa kwenyewe, kwamba jumba la Élysée jijini Paris, anamoishi rais, lilijengwa na Mfalme Louis XV kwa ajili ya kimada wake, Madame de Pompadour. Hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa. Msanifu Armand-Claude Mollet alianza kazi mwaka 1718 akaimaliza 1722. Pompadour alizaliwa Desemba 1721!

Aliyejengewa ni mwinyi Louis-Henri de La Tour d'Auvergne, mkwe wa tajiri Antoine Crozat. Mpangilio wa jumba ndio uliopendwa na makabaila wa enzi hizo: lango mtaani, kisha ua mpana, nyumba yenyewe, na nyuma bustani inayoelekea barabara ya Champs-Élysées. Mle ndani, katika Ukumbi wa Mabalozi, nakshi za kuchongwa za wakati huo bado zimo.

Pompadour alilipata jumba hilo mwaka 1753. Alibadilisha mapambo na bustani, lakini maisha yake yalikuwa Versailles zaidi, kwenye kasri la mfalme. Hata ngazi kuu wanayopanda wageni wa rais si yake. Ni ya Joachim Murat, shemeji yake Napoleon, aliyelinunua 1805.